Reli ya Umeme ya Woodhead na Vichwa Vyake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na wapenzi wa reli kuhusu njia ya Woodhead, iliyokuwa ikiunganisha Manchester na Sheffield nchini Uingereza. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale ya wapekuzi. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, kwa sababu maelezo hayakurudiwa.

## Mambo ya msingi

Woodhead ni wapi, na reli yenyewe ilikuwa ipi?

Woodhead ni mahali padogo kwenye bonde la Longdendale, mashariki ya Manchester, pale bonde linapokwisha na milima ya Pennines kuanza. Reli iliyobeba jina hilo iliunganisha miji miwili ya viwanda, Manchester upande mmoja wa milima na Sheffield upande wa pili, umbali wa kilomita 66 hivi. Ilifunguliwa yote Desemba 1845. Sehemu yake ya juu kabisa, karibu na Dunford Bridge, iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezoea Mau Summit hicho ni kilima tu, lakini kwa treni nzito za Uingereza ilikuwa kazi kubwa.

Karibu na Penistone kulikuwa na tawi la kuelekea Wath, katikati ya migodi ya makaa ya mawe ya Yorkshire Kusini. Usilipite tawi hili haraka. Ndilo lililofanya reli iwekewe umeme, na ndilo linaloeleza kwa nini ilikufa.

Iliwekewa umeme lini?

Mpango uliidhinishwa mwaka 1936, wakati njia ikimilikiwa na kampuni ya LNER. Vita vya Pili vya Dunia vikausimamisha. Ulipofufuliwa, reli za Uingereza zilikuwa zimetaifishwa (Januari 1948), na kazi ikamaliziwa na British Railways, shirika la reli la taifa. Kipande cha Wath hadi Dunford Bridge kilianza kutumia umeme Februari 1952. Mwaka 1954 treni za umeme zilianza kupita kutoka Manchester hadi Sheffield, na mwaka 1955 waya ukafika Rotherwood, ng'ambo ya Sheffield.

Kwa hiyo mradi uliobuniwa mwaka 1936 ulizinduliwa ukiwa umeshapitwa na miaka 18. Kumbuka hilo utakapofika kwenye swali la kufungwa.

Ilikuwa reli ya kwanza ya umeme Uingereza?

La. Reli za umeme za mijini zilikuwepo tangu mapema karne ya 20. Hata ya makaa ya mawe ilikuwepo: njia ya Shildon hadi Newport, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, iliwekewa umeme wa volti 1,500 mwaka 1915 na ikavuliwa waya mwaka 1935, makaa ya mawe yalipopungua. Anayetafuta ishara mbaya kwa Woodhead ataiona hapo, mwaka mmoja tu kabla ya mpango wake kuidhinishwa. Kichwa kimoja cha njia hiyo kilifanyiwa marekebisho ili kikasukume treni kwenye mwinuko wa Wath, lakini hakikupata kuifanya kazi hiyo. Kiliishia kusogezasogeza mabehewa kwenye karakana ya Ilford, karibu na London.

Upya wa Woodhead ulikuwa katika ukamilifu wake. Ilikuwa njia kuu inayovuka milima, na abiria na mizigo vyote vilivutwa kwa umeme.

Ilifungwa lini?

Kwa hatua. Treni za abiria kati ya Manchester na Sheffield kupitia Woodhead zilisimama Januari 1970. Treni za mizigo ziliendelea hadi usiku wa tarehe 17 Julai 1981. Reli zenyewe ziling'olewa miaka ya katikati ya 1980. Kipande cha Manchester hadi Glossop na Hadfield hakikufungwa kamwe. Tazama sehemu ya kilichobaki.

## Mahandaki

Kulikuwa na handaki moja au matatu?

Matatu. La kwanza lilikamilika mwaka 1845, la pili, lililo sambamba nalo, mwaka 1852. Yote mawili yalikuwa na urefu wa karibu kilomita 4.8, kila moja na njia moja tu. La tatu lilichimbwa kuanzia 1949 mahsusi kwa ajili ya umeme. Lina njia mbili na urefu wa karibu kilomita 4.9, na lilizinduliwa tarehe 3 Juni 1954 na Waziri wa Uchukuzi, Alan Lennox-Boyd. Mtu akisema "handaki la Woodhead" bila kufafanua, muulize lipi, maana mabishano mengi huanzia hapo.

Kwa nini hawakupitisha waya kwenye mahandaki ya zamani?

Yalikuwa membamba na yamechakaa. Moshi wa miaka mia moja ulikuwa umeyala matofali na chokaa, na kuyakarabati hadi yatoshe waya wa juu kungekuwa kazi isiyo na mwisho. Kwa hiyo wakachimba jipya.

Hali ndani ya yale ya zamani inastahili kuelezwa. Fikiria vichwa viwili vya mvuke vinapanda na shehena ya makaa ndani ya tundu la kilomita karibu tano lisilo na nafasi zaidi ya treni yenyewe. Wafanyakazi walijifunika vitambaa vilivyolowa usoni na kuinama chini kutafuta hewa. Wale wanaolilia mvuke wa Woodhead kwa sababu ya picha nzuri wangefaa kukumbuka kwamba walioendesha hawakuulilia.

Ni kweli kwamba watu wengi walikufa wakati wa kuchimba?

Ni kweli, na ni sehemu ya historia hii isiyopaswa kupunguzwa sauti. Handaki la kwanza lilianzishwa chini ya mhandisi Charles Vignoles na kumaliziwa na Joseph Locke. Vibarua waliishi kwenye vibanda juu ya mlima, mahali penye upepo na mvua. Waliouawa kazini walihesabiwa 32, na majeruhi walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1846 mwanamageuzi wa afya ya jamii, Edwin Chadwick, alilitumia suala hilo kuishambulia hali ya vibarua wa reli, na Bunge likaunda kamati kuichunguza. Kisha, wakati wa kuchimba la pili, kipindupindu kiliingia kambini mwaka 1849 na kuua watu 28. Kwenye kanisa dogo la St James, juu ya bonde, wamezikwa baadhi yao.

Sisi wa Afrika Mashariki tunawajua vizuri vibarua wasio na majina waliojenga reli. Hawakuwa wa Tsavo peke yake.

## Vichwa vya treni

EM1 na EM2 ni nini?

Ni aina mbili za vichwa vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya njia hii. EM1 vilikuwa 58 ukihesabu na kile cha majaribio. Kazi yao hasa ilikuwa mizigo, ingawa vilivuta abiria pia. EM2 vilikuwa saba tu, vya treni za abiria zenye kasi. Miaka ya 1970, mfumo mpya wa namba ulipokuja, EM1 viliitwa Class 76. EM2 vilipewa jina la Class 77 kwenye makaratasi, lakini vilikuwa vimekwishaondoka. Tazama swali la Uholanzi.

Nitavitofautishaje kwenye picha?

Hesabu magurudumu upande mmoja. EM1 ina ekseli nne, EM2 ina sita na umbo refu zaidi. Kisha tazama bafa, zile sahani za chuma za mbele zinazopokea mgongano. Kwenye EM1 zimefungwa kwenye fremu za magurudumu, si kwenye bodi. Sababu ni kwamba fremu zile mbili zimeunganishwa moja kwa moja, hivyo mvuto wote wa treni hupita chini na bodi hukaa juu kama mzigo tu. Mpangilio huo ulifaa sana kuvuta makaa polepole, na haukufaa kukimbia.

Kwa takwimu: EM1 ilikuwa na nguvu za farasi 1,868, uzito wa tani 87 hivi, na mwendo wa juu wa kilomita 105 kwa saa. EM2 ilikuwa na uzito wa tani 102 na ingeweza kufika kilomita 145 kwa saa, mwendo ambao njia ya Woodhead, kwa kona zake, haikuipa nafasi kubwa ya kuutumia.

"Tommy" ni nani?

Ni kile kichwa cha majaribio. Kilikamilika Doncaster mwaka 1941, katikati ya vita, kwa usanifu wa Sir Nigel Gresley, mhandisi mkuu wa LNER, na vifaa vya umeme vya Metropolitan-Vickers. Hapakuwa na waya Woodhead wa kukijaribia, kwa hiyo kikajaribiwa kwenye njia ya Manchester hadi Altrincham, iliyokuwa na umeme wa aina hiyo tangu 1931, kisha kikawekwa pembeni.

Mwaka 1947 Uingereza ilikiazimisha Uholanzi, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa vichwa baada ya vita. Madereva wa huko wakakipa jina Tommy, lakabu ya askari wa Kiingereza. Kilifanya kazi huko hadi 1952, na yaliyoonekana katika uendeshaji wake yakasaidia kurekebisha vile vilivyofuata. Kiliporudi nyumbani, jina likafanywa rasmi na kibao kikabandikwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichostahili kuhifadhiwa kuliko vyote. Kiliondolewa kazini mwaka 1970 na kukatwa vipande miaka miwili baadaye.

Kwa nini vilipewa majina ya Kigiriki?

EM2 zote saba zilipata majina ya kike kutoka hekaya za Wagiriki na Warumi: Electra, Ariadne, Aurora, Diana, Juno, Minerva na Pandora. EM1 kumi na mbili za mwisho katika mfululizo wa namba, 26046 hadi 26057, zikapata ya kiume: Archimedes, Diomedes, Hector, Jason, Stentor, Mentor, Nestor, Perseus, Pluto, Prometheus, Triton na Ulysses. Archimedes hakuwa shujaa wa hekaya, alikuwa mwanahisabati wa kweli, lakini hakuna aliyelalamika.

EM1 hizo kumi na mbili zilikuwa na boila, ndiyo maana zilifaa kwa abiria. Ndiyo, boila ndani ya kichwa cha umeme: mabehewa ya wakati ule yalipashwa joto kwa mvuke, kwa hiyo umeme ulichemsha maji ili abiria wasigande. Watu wengi hudhani ni kosa la uchapaji wanapokutana na jambo hili.

Vilitengenezwa wapi, na vinahusianaje na Garratt za Afrika Mashariki?

EM1 na EM2 zilijengwa kwenye karakana ya reli ya Gorton, mashariki mwa jiji la Manchester, kati ya 1950 na 1954. Ng'ambo ya reli, ukitazamana na karakana hiyo, kulikuwa na kiwanda cha Beyer, Peacock. Mwanzilishi wake mmoja, Richard Peacock, alikuwa msimamizi wa vichwa vya reli hii hii kabla ya kuanzisha kiwanda chake mwaka 1854.

Kiwanda hicho ndicho kilichotengeneza Garratt (vichwa vikubwa vya mvuke vyenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu) za Class 59 za reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wa kwetu. Ukienda Makumbusho ya Reli Nairobi utaikuta namba 5918, Mount Gelai, jina la mlima ulioko karibu na Ziwa Natron. Kwa maneno mengine, mwaka ambao waya ulikamilika Woodhead, ng'ambo ya ukuta mafundi walikuwa wakijiandaa kuunda mashine za mvuke kubwa kupita zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, ziende kupanda kutoka Mombasa.

Uhusiano hauishii hapo. Kabla ya umeme, mwinuko wa Worsborough kwenye tawi la Wath, unaopanda mita 1 kwa kila mita 40, ulikuwa na Garratt yake: namba 2395 ya LNER, iliyotoka Beyer, Peacock mwaka 1925. Ilikuwa ya pekee ya aina yake, na yenye nguvu kuliko kichwa chochote cha mvuke nchini Uingereza. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusukuma treni za makaa kutoka nyuma. Umeme ulipoingia 1952 haikuwa na kazi tena pale. Ilijaribiwa mahali pengine bila mafanikio, ikaondolewa mwishoni mwa 1955.

Gorton zote mbili nazo hazipo. Karakana ya reli ilifungwa 1963 na kiwanda mwaka 1966.

## Umeme

Ulikuwa umeme wa aina gani? Ni sawa na wa SGR ya Tanzania?

Si sawa. Woodhead ilitumia volti 1,500 za mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja kama wa betri, kupitia waya wa juu. SGR ya Tanzania, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo, inatumia volti 25,000 za mkondo geu, kama wa majumbani lakini wenye msukumo mkubwa zaidi. Njia za umeme za Katanga, Kongo, nazo ni za mkondo geu na zilianza miaka ya 1950 hiyo hiyo.

Tofauti inaonekana ukipiga hesabu. EM1 moja ikitumia nguvu zake zote za farasi 1,868, karibu kilowati 1,400, huvuta zaidi ya ampea 900 kwenye volti 1,500. Nguvu hiyo hiyo kwenye volti 25,000 ni ampea 56 hivi. Ampea nyingi hudai waya mnene, nguzo nzito na vituo vya kupoza umeme vilivyokaribiana. Gharama yote iko njiani. Katika mfumo wa volti nyingi gharama nyingine huhamia ndani ya kichwa, kinachobeba transfoma yake.

Ni kweli treni iliyoshuka iliisaidia iliyopanda?

Ndiyo, na hapa ndipo wahandisi wa Woodhead walistahili heshima. Treni ya makaa ikiteremka, mota za kichwa ziligeuzwa kuwa jenereta. Zilizuia mwendo na wakati huohuo zilirudisha umeme kwenye waya, ambako treni nyingine iliyokuwa ikipanda iliutumia. Breki za viatu vya chuma, ambazo kwenye miteremko mirefu hupata moto na kulika, zilipumzishwa.

Kulikuwa na sharti: lazima pawe na mtu wa kuupokea umeme huo. Kama hakuna treni inayopanda karibu, nguvu haina pa kwenda na breki hulegea. Ndiyo maana baadhi ya vituo vya kupoza umeme viliwekewa vipingamizi vya kuugeuza umeme wa ziada kuwa joto. Leo treni nyingi za kisasa hufanya hivi. Mwaka 1954, kwa treni za mizigo mizito, lilikuwa jambo la kujivunia.

Treni moja ya makaa ilihitaji vichwa vingapi?

Miaka ya mwisho, treni za makaa kutoka Yorkshire kwenda kituo cha kufua umeme cha Fiddlers Ferry, magharibi ya Manchester, zilivutwa na EM1 mbili mbele zilizoendeshwa na dereva mmoja. Zilipofika mwinuko wa Worsborough, nyingine mbili zilisukuma nyuma. Vichwa vinne kwa treni moja.

## Kufungwa

Kama ilikuwa ya kisasa hivyo, kwa nini waliifunga?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa hasira. Sababu ziko kadhaa na zinashikana.

Kwanza ni volti. Mwaka 1936 volti 1,500 za mkondo mnyoofu zilikuwa chaguo la busara. Lakini mwaka 1956, miaka miwili tu baada ya Woodhead kuzinduliwa, British Railways iliamua kwamba njia mpya zitatumia volti 25,000 za mkondo geu. Kuanzia hapo Woodhead ilikuwa kisiwa. Vichwa vyake havikuweza kutoka nje ya waya wake, na vya kwingine havikuweza kuingia. Njia ya London hadi Shenfield, iliyokuwa na umeme wa aina hiyohiyo, ilibadilishwa mapema kuanzia 1960. Woodhead haikubadilishwa.

Pili ni makaa ya mawe. Reli iliyojengwa kwa shehena moja hutegemea shehena hiyo. Makaa yaliyovuka milima yalipungua, na baada ya 1970 abiria nao hawakuwepo wa kugawana gharama.

Tatu ni uzee. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vichwa na vifaa vya umeme vilikaribia miaka thelathini. Ingebidi kununua vipya vya volti isiyotumika tena, au kubadilisha mfumo mzima. Walioamua walisema mizigo iliyobaki inaweza kupita njia nyingine kwa dizeli. Vyama vya wafanyakazi na wananchi walipinga kwa nguvu, lakini havikusikilizwa.

Kuna wanaosema ilikuwa njama dhidi ya reli. Mimi siamini njama. Naona zaidi taasisi iliyobadili mawazo mwaka 1956 na kumwachia mtoto wake wa kwanza bili yote.

Si Beeching aliyeifunga?

Hapana, na inashangaza ni mara ngapi analaumiwa kwa hili. Ripoti ya Richard Beeching, mkuu wa British Railways, ya 1963 ilipendekeza kufunga reli nyingi za Uingereza, lakini baina ya Manchester na Sheffield iliyopendekezwa kufungwa ilikuwa ile ya bonde la Hope, si Woodhead. Watu wa vijiji vya Hope walipigania reli yao, wakashinda, na uamuzi ukageuka: abiria wote wakapelekwa Hope, Woodhead ikabaki na mizigo.

EM2 zilikwendaje Uholanzi?

Abiria walipokuwa wakipungua, EM2 saba zilikosa kazi na zikaondolewa mwaka 1968. Uholanzi ilikuwa na mtandao mpana wa volti 1,500 za mkondo mnyoofu, umeme uleule, na ilihitaji vichwa. Ikazinunua zote saba mwaka 1969. Sita zilirekebishwa na kuingia kazini kama Class 1500; ya saba, Minerva, ikawa ya vipuri. Zilifanya kazi huko hadi 1986, miaka mitano baada ya njia yao ya nyumbani kufungwa, na zilitumikia Uholanzi muda mrefu kuliko zilivyotumikia Uingereza. EM1 hazikuchaguliwa; zilikuwa za polepole mno kwa abiria wa kule.

## Kilichobaki

Naweza kuviona wapi leo?

Vichwa vilivyosalia vizima ni vinne.

EM1 iliyosalia ni moja tu, namba 26020, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Reli mjini York. Ilionyeshwa kwenye Tamasha la Uingereza jijini London mwaka 1951, ndiyo maana vishikio vyake ni vya chuma kisichoshika kutu, na ndiyo iliyovuta treni ya uzinduzi mwaka 1954.

EM2 zimesalia tatu. Ariadne iliingia kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester, Electra ilirudi Uingereza na inatunzwa na chama cha wapenzi wake huko Butterley, Derbyshire, na Diana imebaki Uholanzi ikitunzwa na Waholanzi kwa namba yake ya 1501.

EM1 57 zimekuwa chuma chakavu. Kwa njia iliyokuwa fahari ya taifa, ni hifadhi ndogo mno.

Naweza kutembea pale reli ilipopita?

Ndiyo. Kutoka Hadfield hadi kwenye milango ya mahandaki ya Woodhead kuna njia ya karibu kilomita 10 ya watembea kwa miguu, baiskeli na farasi, iitwayo Longdendale Trail. Inapita kando ya mabwawa ya maji na haina milima mikali, kwa sababu ni ileile iliyosawazishwa kwa ajili ya treni. Mwisho wake utaona milango ya mahandaki yote matatu, lile la 1954 likiwa na mwaka wake juu. Kuingia ndani hairuhusiwi.

Sheffield usitafute kitu kikubwa. Stesheni ya Victoria ilifungwa 1970 na kubomolewa baadaye. Kilichobaki ni hoteli yake ya zamani. Reli moja ya mizigo bado inapita pale kwenda kiwanda cha chuma cha Stocksbridge.

Ndani ya mahandaki kuna nini sasa?

Nyaya za umeme wa gridi ya taifa. Tangu miaka ya 1960 nyaya za volti 400,000 zilipitishwa kwenye handaki mojawapo la zamani, ili nguzo kubwa zisipande juu ya hifadhi ya taifa ya Peak District. Zilipochakaa, mpya ziliwekwa kwenye handaki la 1954, kazi iliyoanza mwaka 2008. Wapenzi wa reli walipinga kwa sababu iliondoa handaki pekee lililofaa kwa treni. Mwaka 2013 serikali iliamua kutoyanunua yale mawili ya zamani ili kuyahifadhi kwa reli, na yakafungwa.

Kuna treni yoyote inayotumia kipande cha njia hii?

Zipo, kila siku. Treni za Manchester hadi Glossop na Hadfield zinapita njia ileile. Ziliendelea na volti 1,500 hadi Desemba 1984, zikitumia seti nane za Class 506, kisha waya ukabadilishwa kuwa wa volti 25,000. Yaani mabadiliko yaliyosemwa kuwa ghali mno kwa njia nzima yalifanyika kwenye kipande chake, miaka mitatu baada ya mengine kufungwa.

## Maswali ya pembeni

Nina picha ya EM1 yenye namba nisiyoielewa.

Angalia mwanzo wa namba. 26000 hadi 26057, mara nyingi zikiwa na herufi E mbele, ni za kabla ya miaka ya 1970. Zinazoanza na 76 ni za baadaye. Usidhani tarakimu za mwisho hulingana daima, kwa sababu vichwa vichache vilibadilishiwa namba mara ya pili. Rangi nayo husaidia: nyeusi mwanzoni, kijani baadaye, kisha buluu yenye ncha za njano hadi mwisho. EM2 ya buluu ya kung'aa bila shaka ni ya miaka ya 1960.

Electra inaweza kuendeshwa tena kwa umeme wake?

Uingereza, kivitendo, hapana. Mfumo uliobaki huko wa volti 1,500 za mkondo mnyoofu kwenye waya wa juu ni wa treni nyepesi za Tyne and Wear, huko Newcastle, na si mahali pa kuingiza kichwa cha tani 102. Uholanzi ni habari nyingine: waya wa volti hizo bado uko juu ya reli nyingi, na Diana iko hukohuko.

Kwa nini picha nyingi ni za treni za makaa, si za abiria?

Kwa sababu wapiga picha walikuja kwa wingi baada ya habari za kufungwa kuenea, na wakati huo abiria walikuwa wamekwishaondoka. Picha za EM2 zikivuta abiria Woodhead ni za kabla ya 1968. Ukipata moja yenye tarehe ya 1975, tarehe ndiyo yenye kasoro, au waya ulio juu yake ni wa Kiholanzi.